Mashine ya Turing au lambda kalkulasi: uanze na ipi kama unataka kuelewa komputesheni kweli?

Twende moja kwa moja. Umeshaandika programu kadhaa, Python kidogo, JavaScript kidogo, sasa unataka kujua komputesheni yenyewe ni kitu gani, yaani hiyo kompyuta inafanya nini hasa ukiondoa skrini na waya na matangazo yote, na ni kitu gani haitakuja kukifanya hata uiongezee memori mpaka kesho kutwa. Wanaofundisha wana njia mbili kubwa za kukuingiza humo, mashine ya Turing na lambda kalkulasi. Vyuo vingi vinakupa ya kwanza tu afu vinakuacha hapo, huku mashabiki wa lugha ya Haskell wanakwambia hiyo ya kwanza ni kupoteza muda. Mi naona pande zote mbili zinatia chumvi, ila sio kwamba ni sare, kuna moja inabidi itangulie na nitasema ipi na kwanini.

Kwanza zilikotoka, kwa kifupi, maana hapo ndo unaona kila moja ilitengenezwa kwa kazi gani. Mwaka 1928 David Hilbert na Wilhelm Ackermann huko Ujerumani waliuliza swali: je kuna utaratibu wa kufuata hatua kwa hatua, ambao ukipewa sentensi yoyote ya mantiki utakwambia kama inathibitika au haithibitiki? Kujibu ndio ni rahisi, unauleta tu huo utaratibu watu wanaukagua. Kujibu hapana ndo kasheshe, kwasababu lazima kwanza useme "utaratibu" ni kitu gani na kitu gani siyo, la sivyo kesho anakuja mtu na utaratibu ambao wewe hukuufikiria na hoja yako imekufa. Mwaka 1936 yalitoka majibu mawili karibu pamoja na yote yalisema hapana, la Alonzo Church wa Princeton, Marekani, aliyetumia lambda kalkulasi, na la Alan Turing wa Cambridge, Uingereza, kijana wa miaka 23 ambaye hata PhD alikuwa hajaisomea. Church alitangulia kidogo kuchapisha. Turing akaenda Princeton kusoma chini ya huyo huyo Church, na mwaka 1937 akathibitisha kwamba kila kinachokokotoleka kwa njia moja kinakokotoleka kwa nyingine.

Kwahiyo tuelewane mapema: huchagui ipi ina nguvu zaidi. Nguvu ni ile ile. Unachagua ipi ikae kichwani kwanza.

Zinavyofanya kazi

Turing alimchukua karani anayepiga hesabu kwa penseli na karatasi, akamvua kila kitu kisicho cha lazima. Karatasi ikawa utepe usio na mwisho uliogawanywa vijumba, kila kijumba kinabeba alama moja au kiko wazi. Jicho na mkono vikawa kichwa kinachoangalia kijumba kimoja tu kwa wakati. Yaliyomo akilini mwa karani yakawa hali chache zinazohesabika. Na sheria zote ziko mtindo mmoja, ukiwa kwenye hali hii ukaona alama hii, andika hiki, sogea kushoto au kulia, ingia hali ile. Basi, hamna kingine.

Tuongeze moja kwenye namba ya baineri, tuseme 1011, ambayo ni kumi na moja. Hali ya kwanza inaenda kulia mpaka ikute kijumba kiko wazi, inarudi hatua moja, inaingia hali ya pili. Hali ya pili ikiona 1 inaandika 0 na kusogea kushoto, ikiona 0 au uwazi inaandika 1 na kusimama. Fuatilia kwa kidole: 1 ya mwisho inakuwa 0, inayofuata inakuwa 0, afu inakutana na 0 inaandika 1, imesimama. Utepe sasa ni 1100, kumi na mbili. Hali mbili tu, na hata mdogo wako wa darasa la sita anaweza kuifanya bila kujua anachokifanya, na hiyo ndo pointi yenyewe.

Lambda kalkulasi haina utepe, haina memori, haina hata kijumba. Ina vitu vitatu: jina, fanksheni, na kuipa fanksheni kitu ikifanyie kazi. Komputesheni yote ni kubadilisha, yaani fanksheni ni kama fomu yenye nafasi iliyoachwa wazi, ukiletewa kitu unakijaza kila mahali nafasi hiyo inapotokea, na kama ulichojaza nacho ni fomu unaendelea, mpaka pasiwe na cha kujaza. Humo ndani namba nazo hazipo, unazitengeneza. Church alisema mbili ni kule kufanya jambo mara mbili, inaandikwa λf.λx. f (f x). Tatu ni f (f (f x)), na kadhalika. Kuongeza moja ni λn.λf.λx. f (n f x), kwa maneno ya kawaida, fanya hilo jambo mara n afu lifanye tena mara moja. Ukiipa mbili, ile "n f x" inafunguka kuwa f (f x), mbele kuna f nyingine, tayari una tatu.

Mara ya kwanza kuiona hii watu wengi wanahisi wanachezewa akili. Vumilia.

Ipi inakushawishi

Hapa Turing anashinda na wala sio kwa pointi chache. Church alikuwa ametoa pendekezo kwamba kila kinachokokotoleka kinaandikika kwa lambda, lakini Kurt Gödel, yule mwanamantiki mwenye thiorema maarufu za mwaka 1931, hakuridhika nalo. Na ukifikiria utamwelewa, kwasababu nani kasema kujaza fomu ndo mwisho wa uwezo wa mtu kukokotoa? Kilichomgeuza Gödel ni uchambuzi wa Turing, maana Turing hakuanza na lugha, alianza na mtu: anaona alama chache kwa wakati mmoja, anakumbuka mambo machache kwa wakati mmoja, anabadilisha kidogo kidogo. Ukikubali hayo matatu umeshakubali mashine yote. Hii dai kwamba hakuna utaratibu ulio nje ya hapo wanaiita tasnifu ya Church na Turing, na kumbuka haijathibitishwa na haiwezi kuthibitishwa kama thiorema, sababu upande mmoja wa mizani ni hesabu na upande mwingine ni kile sisi binadamu tunachokielewa moyoni kuwa "utaratibu". Tunaiamini kwasababu kila aliyejaribu njia nyingine ameishia pale pale. Emil Post kule New York alitoa kitu karibu sawa na cha Turing mwaka huo huo 1936 bila kuwasiliana naye, na fanksheni rikasivu (zinazojirejelea zenyewe) za Gödel na Stephen Kleene nazo zikaangukia hapo hapo.

Kama unaingia sayansi ya kompyuta na hujawahi kushawishika hapa, utabaki unafundishwa vitu vya "kompyuta haiwezi" ukidhani wanamaanisha kompyuta za leo.

Wala usidhani waasisi walitoka wasafi. Mfumo wa mwanzo wa Church, ule mkubwa aliotaka uwe msingi wa hisabati yote, mwaka 1935 wanafunzi wake mwenyewe Kleene na Rosser walionyesha unajipinga, ikabidi aokoe ile sehemu ya fanksheni tu, na ndo hiyo tunayoitumia. Turing naye kwenye mashine yake kuu, ile inayoweza kuiga mashine nyingine yoyote, aliacha makosa ya kuprogramu ambayo Donald Davies alikuja kuyaona miaka ya 1940. Kompyuta yenyewe haijatengenezwa, makosa ya programu tayari yapo.

Gharama

Kujua kama kitu kinawezekana ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kitachukua hatua ngapi na nafasi kiasi gani. Kwa Turing hili linakuja bure: sogeo moja ni hatua moja, kijumba kimoja ni nafasi moja. Ndo maana Juris Hartmanis na Richard Stearns mwaka 1965 walipoanza kupanga matatizo kwa ugumu wake walitumia mashine za Turing zenye tepe nyingi, na Stephen Cook mwaka 1971 akafika kwenye matatizo ya NP, yaani yale ambayo jibu lake ukishaletewa unalikagua haraka, kwa njia hiyo hiyo, afu mwaka 1972 Richard Karp akaorodhesha matatizo 21 ambayo ukipata njia ya haraka kwa moja umepata kwa yote. Swali la P na NP, yaani je kila kinachokagulika haraka (NP) kinatatulika haraka pia (P), lina zawadi ya dola milioni moja kutoka Clay Mathematics Institute tangu mwaka 2000 na bado halijajibiwa. Lote limeandikwa kwa lugha ya utepe.

Ila sio kwamba utepe hauna ujinga wake. Kukagua kama neno linasomeka sawa mbele na nyuma, kwa utepe mmoja hatua zinakua kwa mraba wa urefu wa neno maana kichwa kinakimbia mwisho hadi mwanzo kama hakina kazi nyingine, ukiongeza utepe wa pili zinakua sambamba na urefu tu. Kwahiyo hesabu kamili hutoi hapa, unatoa daraja la ugumu.

Kwa lambda swali la gharama lilikaa miaka mingi likiwa na ukungu. Hatua moja ya kujaza inaweza kunakili kitu kikubwa mara kumi, na hiyo nakala ikanakiliwa tena, sasa hiyo utaihesabu hatua moja kweli? Mwaka 2014 ndo Beniamino Accattoli na Ugo Dal Lago walionyesha kwamba ukifuata mpangilio wa kuanza na cha nje kabisa upande wa kushoto, idadi ya hatua ni kipimo halali, inalingana na mashine ya Turing ndani ya polinomia, yaani tofauti haizidi kipeo fulani maalum. Miaka sabini na ushee baada ya Church! Na hapo tunaongelea muda tu, nafasi ni habari nyingine. Halafu zile namba za Church zinalipia moja moja, elfu moja ni kuita f mara elfu, wakati kwenye utepe wa baineri 1111101000 ni vijumba kumi.

Kama unaelekea kwenye algorithimu, usimbaji (kuficha ujumbe), usalama wa mitandao, shinda na Turing. Usalama wa pesa zako benki unategemea kwamba kuna hesabu zinazowezekana lakini ni ghali mno. Hata kompyuta za kwantamu ambazo watu wanaziongelea kama uchawi, hazikokotoi chochote ambacho utepe wa Turing hauwezi, kilichobadilika ni bei ya baadhi ya mambo, kama Peter Shor alivyoonyesha mwaka 1994 kwa kugawanya namba kubwa katika vigawo.

Kujenga vitu

Sasa jaribu kuchukua mashine mbili za Turing uziunganishe, ya kwanza itoe jibu ya pili ilitumie. Utabadilisha majina ya hali, utapanga nani anatumia kipande gani cha utepe, utasafisha uchafu ulioachwa, na ukimaliza huwezi kumweleza mtu. Kwa lambda unaandika λx. g (h x) umemaliza. Hiyo tofauti ndogo ndo imefanya lambda iingie karibu kwenye kila lugha unayoijua. John McCarthy pale MIT alianza lugha ya LISP mwaka 1958 akachukua maandishi ya lambda, Steve Russell aliyefanya kazi naye akaiprogramu kwenye kompyuta ya IBM 704. Peter Landin miaka ya 1960 akaonyesha lugha ya Algol 60 inaweza kuelezwa kwa lambda. Lugha ya ML ikatoka Edinburgh kwa Robin Milner, Haskell ikaja 1990. Unasema hizo ni za maprofesa? C++ ilipata lambda 2011, Java 2014, na Desemba 2020 Microsoft walitangaza LAMBDA ndani ya Excel, yaani mhasibu anayejenga fomula leo anaweza kuandika kitu cha Church bila kumjua Church.

Utepe haukupata bahati hiyo. Hakuna mtu anaandika mfumo wa mishahara kwa mashine ya Turing, na hata wazo lake la mashine moja inayosoma maelezo ya mashine nyingine kama data, ambalo ndo moyo wa kompyuta yenye programu ndani ya memori, tulilirithi kama wazo tu.

Na lambda ina kitu ambacho utepe hauna: unaweza kuipunguzia nguvu kwa makusudi kwa kutumia aina (types). Church mwaka 1940 aliiwekea aina, fanksheni inasema inapokea nini na inatoa nini, na ghafla kila programu ndani yake lazima imalize, ile (λx. x x)(λx. x x) inayojizungusha milele haiandikiki tena. Umepoteza programu kadhaa, umepata uhakika. Zana za kukagua uthibitisho kama Coq (siku hizi inaitwa Rocq) na Lean zimejengwa hapo, aina inasimama kama dai na programu inasimama kama uthibitisho wake, na mwaka 2005 Georges Gonthier alikamilisha kwa Coq uthibitisho wa thiorema ya rangi nne, ile inayosema rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana. Kwa mashine ya Turing sijui hata ungeanzia wapi.

Ukuta

Hapa ndo kwenye kazi ya kila siku. Bosi anasema anataka kitu kitakachosoma code ya programu yoyote na kumwambia kama itaganda kwenye lupu au itamaliza. Haiwezekani, na sio kwasababu timu ni ndogo. Chukulia hicho kikaguzi kipo. Naandika programu inayojikabidhi yenyewe kwa kikaguzi, kikisema itamaliza inaingia lupu ya milele, kikisema haitamaliza inasimama. Chochote kitakachosema kitakuwa uongo. Henry Rice mwaka 1953 akapanua: swali lolote la maana kuhusu tabia ya programu, linalotaka jibu la ndio au hapana kwa programu zote, halina kikaguzi kamili. Kwahiyo antivirasi ya kukamata kila kitu bila kumsingizia yeyote haitatokea, Fred Cohen alilionyesha hilo miaka ya 1980.

Church aliufikia ukuta huo huo kwa kuuliza kama usemi wa lambda utafika mwisho wa kujazwa. Jibu ni lile lile ila mi nakwambia, msimulie mtu kwa Turing ataelewa akiwa amesimama, msimulie kwa lambda utahitaji ubao.

Na kama bado unadhani inabidi uchague timu, angalia hii. Tibor Radó mwaka 1962 aliuliza: kati ya mashine za Turing zenye hali n na alama mbili tu, zinazoanza na utepe mtupu na hatimaye kusimama, ipi inachukua hatua nyingi zaidi? Kwa hali nne jibu ni 107. Kwa hali tano Heiner Marxen na Jürgen Buntrock mwaka 1989 walipata mashine ya hatua 47,176,870, lakini hakuna aliyeweza kusema hamna inayoizidi mpaka mwaka 2024, watu walioshirikiana kwa intaneti, wengi hata sio maprofesa, walipokamilisha uthibitisho. Na uthibitisho wenyewe ulikaguliwa na nani? Coq. Swali la utepe limefungwa na zana ya lambda.

Sasa uchague

Kwa mtu wa kawaida anayeanza: Turing kwanza, lakini fupi. Kaa nayo mpaka uweze kueleza karani, mashine kuu, ukuta, na kwanini hatua zinahesabika, afu ondoka. Usipoteze wiki kuchora mashine za kuzidisha namba kisa zimewekwa kwenye maswali ya mtihani, labda unakwepa sapu, hapo nakuelewa. Ukishatoka, lambda ndo ukae nayo, maana hiyo utaitumia.

Ukiwa tayari unaandika React au Excel nzito kila siku, geuza, anza na lambda, nusu unaijua bila kuambiwa. Ukiwa wa kompaila, lugha za programu au uthibitisho, lambda na aina zake. Wa usimbaji na ugumu wa matatizo, utepe.

Kazi ya mikono kwa zote mbili, kwenye laptopu yoyote. Ya kwanza, andika mwigo wa mashine ya Turing kwa Python, dikshenari moja ya sheria, utepe mmoja, lupu moja, haufiki mistari thelathini, uipe ile mashine ya kuongeza moja. Ya pili, andika ongeza_moja = lambda n: lambda f: lambda x: f(n(f)(x)), tengeneza namba za Church, na kuzisoma zipe lambda k: k+1 na 0. Ukizipandisha moja moja kufika kama elfu hivi Python itagoma kwasababu ya kikomo chake cha kuitana, na hapo utaiona kwa macho ile gharama niliyoisema.

Baada ya hapo jaribu kutoa moja badala ya kuongeza. Kwenye utepe ni kubadilishana tu 0 na 1 kwenye sheria za hali ya pili, plus uangalie usije ukaanza na sifuri. Kwenye lambda kaa chini kabisa, usigugo. Hata Church alianza kufikiri haiwezekani, na Kleene aliyelipata jibu alisimulia kwamba lilimjia akiwa kwa daktari wa meno.